Yah: Maombi ya Baiskeli Kupandishwa Cheo

Mheshimiwa Mhandisi wa Barabara,

Nakuandikia kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, nikiwa mtaroni. Usihangaike, ndipo nilipopangiwa.

Nimeikagua barabara yetu nikaona imechorewa magari tu. Basi naomba baiskeli yangu ihesabiwe gari. Sifa inazo. Asubuhi inapeleka maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, madumu sita ya maji, kilo 120. Mchana inabeba viroba vya mawe kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Karia imeongezewa nondo, mzigo umekazwa kwa mipira ya tyubu, na dereva anasukuma kwa miguu, kifua kimeegemea usukani. Tipa gani linaiweza kazi hiyo bila dizeli?

Tena wazee wetu waliilipia baiskeli kodi. Siku ya kulipa ilikuwa chombo cha usafiri. Sijui ilivuliwa cheo lini.

Tipa likipita, vumbi linanifunika. Huwa nahesabu mpaka kumi na mbili ndipo niuone tena usukani. Mwezi uliopita nilipofika nane nilikuwa tayari nimelala mtaroni, dumu moja tu likiwa na maji. Nakiri mtaro umenyooka vizuri sana.

Wenzangu wakaamua kujenga tuta jirani na shule, kwa magwangala, yaani mabaki ya mawe ya machimbo, maana hayo hatujawahi kupungukiwa. Lilidumu siku tatu. Greda likaja kulisawazisha, tukaambiwa tumekiuka taratibu. Sheria inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu; hiyo nayo nadhani ni taratibu, ila haina greda.

Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia ya baiskeli. Najua bodaboda wameihamia. Lakini angalau kuna aliyetukumbuka akiwa na penseli mkononi. Mimi hata lami siombi. Naomba bega la mita moja na nusu lililoshindiliwa, tuta letu lirudi, na matipa yakifika sokoni yashuke hadi 30. Kwa mwendo huo aliyegongwa mara nyingi huinuka akamtukana dereva. Kwa 60, wanaotukana ni waliokuja msibani.

Ikishindikana kuwa gari, basi nipandishwe cheo niwe ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe akikatiza, tipa husimama.

Wako mtiifu,
Dereva wa Madumu