Yah: Kuazima Kiti Chenye Tundu

Kwa Watunza Orodha ya Mapapa,
Vatikani.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesoma habari za Papa Yohana, binti wa Mainz. Martino wa Opava, mtawa Mdominiko wa karne ya 13, anasimulia kwamba alivaa kiume, akasoma Athene, kisha akawashinda wasomi wa Roma hadi akachaguliwa Papa. Alitawala miaka 2, miezi 7 na siku 4. Siku moja, akiwa kwenye maandamano ya kwenda Laterani, kichochoroni kati ya Colosseum na kanisa la Mtakatifu Klementi, uchungu ukamshika.

Najua hakuwapo. Papa Leo IV alifariki Julai 855 na Benedikto III akakalia kiti mwaka huohuo. Kati yao, ndiko anakowekwa yeye, hapapenyi hata miezi 7, seuze miaka miwili. Aliyeichambua vizuri hadithi hii, mwaka 1647, ni David Blondel, Mprotestanti wa Ufaransa, mtu asiye na sababu yoyote ya kuwabeba ninyi.

Lakini tazameni ilivyotungwa. Alichaguliwa, akatawala, akajifungua. Vitenzi viwili vya kwanza, kwa Kiswahili chetu, havisemi kama ni mume au mke. Cha tatu ndicho kilichomchongea. Martino hatuambii alipotosha ibada gani wala hazina ilipungua kiasi gani.

Ndipo watu wakazusha habari ya kiti chenye tundu: kila Papa mpya akikalie, mtu apitishe mkono chini, ahakikishe. Viti vyenyewe vipo, kimoja katika makumbusho yenu, kingine Louvre. Kwa kipimo hicho Stefano VI angepita. Ni yule aliyemfukua Papa Formosus mwaka 897, akaivika maiti mavazi ya kipapa, akaiketisha na kuihukumu. Benedikto IX, aliyeuza upapa mwaka 1045, naye angepita. Tena kwenye orodha yenu yumo mara tatu.

Naomba kukiazima. Kamati za usaili za huku kwetu bado zinapapasa kwa maneno: “Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini? Mumeo ameridhia?” Mtu anatoka jasho na vyeti vyake havijafunguliwa. Mkono ungemaliza haraka, tukawahi chai.

Kitarudishwa kikiwa safi.

Wenu mtiifu,
Msailiwa wa mara ya nne.

Nakala: Sanamu ya Papa Zakaria, Kanisa Kuu la Siena (kabla ya mwaka 1600 ikiitwa Yohana).