Mashine ya Wati 2200

Mkesha wa Idi, wajukuu walipokuwa wakimsaidia bibi yao kusukuma visheti, pakiti ya unga wa ngano ilipasukia katikati ya sebule. Zulia letu ni la manyoya, ukuta hadi ukuta, na kijana wetu mdogo ana pumu. Kupiga ufagio hapo ni kumtafutia hospitali. Wifi akakumbuka mashine ya kufyonza vumbi aliyoletewa na mumewe kutoka Dubai. Kwenye boksi, wati 2200 zimeandikwa kubwa kuliko jina la mashine yenyewe.

Ikanguruma mpaka jirani akachungulia. Mbele, unga ulikuwa ukiondoka. Nyuma, kwenye matundu ya kutolea hewa, ulikuwa ukirudi, mwembamba na wa moto. Na kwa kuwa matundu yale yameelekezwa chini, yakatimua hata unga ambao haujafikiwa.

"Wifi, zima! Mtoto!"

Mama mkwe akasimama mlangoni, mtandio puani. "Wanangu, hii inafagia au inatimua?"

Swali hilo ndilo kipimo ninachokiamini. Wati ni umeme unaoliwa. Hazisemi vumbi limekwenda wapi. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulitaka mashine mpya za nyumbani ziwe chini ya wati 900, na kanuni hiyohiyo ikataka vumbi linalorudishwa hewani lisizidi asilimia 1. James Murray Spangler, mfagizi wa duka kule Ohio, Marekani, aliyepata hataza ya mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1908, alianza kuhangaika na mashine yake kwa sababu vumbi la kufagia lilimchochea pumu. Kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu. Kikimrudishia vumbi kimeshindwa kazi yake ya kwanza, hata king'oe misumari sakafuni.

Mara ikazimika yenyewe. Tukadhani imeungua, kumbe chujio limeziba. Mota ya namna ile hupozwa na hewa ileile inayofyonzwa. Hewa ikipungua, mota inachemka, na swichi ya usalama inakata umeme. Swichi ni jambo jema. Ubaya ni kwamba hapakuwa na taa wala alama yoyote ya kutuambia, na chujio limefungiwa nyuma ya kifuniko cha skrubu, utadhani kila nyumba ina fundi.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni chombo cha vumbi. Lachi yake, ndogo kama ukucha wa mtoto, iko ubavuni. Wifi aliibonyeza kwa gumba huku ameshika mpini, na chombo kikafunguka kwa chini. Kila kilichofyonzwa kikamwagika palepale: unga, nywele, mchanga wa viatu, na pini ya mtandio iliyopotea tangu mwanzo wa Ramadhani.

Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake. Sisi tukamalizia kwa brashi na beleshi, madirisha wazi, hadi usiku.

Baada ya sikukuu tulikwenda dukani Mwembe Tayari kutafuta mashine nyingine. Muuzaji akaanza kutusomea wati. Wifi akamwomba kwanza atoe chujio kwa mkono mmoja, bila bisibisi, kisha aiwashe mashine juu ya rafu yenye vumbi huku yeye akikinga mtandio wake mweusi kwenye matundu ya nyuma. Mbili zikamchafulia mtandio. Ya tatu, ya wati 800, haikumchafulia, na chombo chake kinanyanyuliwa kwa juu kama kilivyo, kimefungwa, unakwenda kukifungulia kwenye pipa la taka. Tukauliza chujio la akiba. Alikuwa nayo mawili, tukachukua yote.