Nasaha kwa Mwenye Kumtafutia Mwanawe Mtambaazi

Waungwana wenye nafasi, ambao wameona kwamba paka na mbuzi hawatoshi kuwa masahibu wa watoto wao, huuliza siku hizi ni mtambaazi gani mdogo awafaaye. Na kwa kuwa nasaha haitozwi ushuru, sisi wa Mugoma, wilayani Ngara, twawajibu kwa adabu.

Kobe ni mpole, lakini umri wake huleta taabu katika mirathi: ukoo wa wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ulioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, umeshuhudia Waingereza wakiondoka na usultani ukianguka, wala haujaonyesha dalili ya kuchoka. Kinyonga naye, ambaye Ulaya hununuliwa taa ya joto na nzige wa dukani, hapa Ngara hupata jua na panzi bure. Ila Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini pasipo kibali.

Yupo basi mjusi kafiri, mpangaji wa darini asiyealikwa, alaye mbu bila ujira, na ambaye mtoto akimkamata mkia humwachia mkia wenyewe, akaenda zake kuotesha mwingine. Mtoto na anawe mikono kwa sabuni, kwani watambaazi hubeba vijidudu vya salmonela.

Ama mzazi atakayeona haya kumiliki asichokinunua, huyo hahitaji mtambaazi. Majirani wa kumtazama wamtosha.