Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa: Ombi la Betri Ndogo



Kwa heshima na taadhima, naomba uniwie radhi, mimi mtumishi wa ngazi ya chini, kwa kuthubutu kukuandikia hadharani. Najua meza yako imejaa mambo ya barabara, maji na madarasa. Nakusihi unipe dakika chache tu.

YAH: UMEME WA AKIBA KWA VIFAA VYA MTANDAO KATIKA VITUO VYA AFYA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtu wa TEHAMA katika kituo cha afya. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika. UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, iliyo chini ya meza ya mapokezi ikalia, pii, pii, na baada ya dakika 20 ikanyamaza. Taa za ruta zikazimika. Dirishani alikuwa amesimama mama mmoja, mtoto mgongoni ana homa, kadi ya bima mkononi. Bila mtandao kadi haihakikiwi. Mhudumu akatoka na simu yake hadi chini ya mwembe, akasimama kwenye mvua akingoja ukurasa ufunguke. Mtoto alitibiwa, namshukuru Mungu. Lakini namna yule mama alivyokuwa akiifuta kadi kwa ncha ya kanga, akidhani pengine haisomeki kwa sababu imelowa, haijanitoka.

Kesho yake nilipima. Ruta inakula wati 9, kisanduku cha faiba wati 4. Jumla ni 13, Mheshimiwa, kama balbu moja ya LED. Betri ya UPS ile ni ya volti 12, Ah 7, yaani wati-saa 84. Kwa hesabu ya haraka ingetosha saa sita. Haifiki hata ikiwa mpya. UPS huzichukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi 230, kisha adapta ya ruta inazishusha tena hadi 12. Ni sawa na kupandisha maji ghorofani ili uje kuyateremsha kunawia uani. UPS nayo inakula umeme wa kujiendesha, na kwa mzigo mdogo kama wetu ulaji huo si haba. Tena betri ya risasi kama hiyo haiwezi joto: kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wake hupungua karibu nusu. Yetu ina miaka mitatu katika chumba kisicho na feni.

Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba tuanzie kwenye kabrasha la zabuni. Huandikwa “UPS, VA 650”. VA hueleza mashine inabeba mzigo mzito kiasi gani, haielezi itaubeba kwa muda gani. Sisi mzigo wetu ni mwepesi, ila unataka kubebwa usiku kucha. Ukiridhia, paandikwe hivi: wati 15, saa 12, bila umeme wa gridi.

Ikiandikwa hivyo, jibu litakuja lenyewe. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, volti 12.8, Ah 20, ina wati-saa 256. Hata tukitumia asilimia 80 tu, ruta na faiba vinawaka kama saa 15. Inavumilia kuchajiwa na kuisha zaidi ya mara 2,000, ilhali ya risasi huchoka baada ya mara mia kadhaa. Nakuomba tu mafundi wasiiunge moja kwa moja: ikiwa kwenye chaji hupanda hadi volti 14.6, na ruta inataka 12. Pawe na kidhibiti volti, fyuzi karibu na betri, na chaja ya lithiamu, si ile ya betri za magari.

Jenereta tunayo, na wodi inaihitaji. Kuiungurumisha usiku mzima kwa ajili ya wati 13, dizeli hiyo inaniuma.

Mheshimiwa, nimeunga betri moja ya lithiamu kwa mshahara wangu. Juzi umeme ulikatika saa moja jioni. Nilipoingia kazini saa mbili asubuhi, taa ya kijani ya ruta ilikuwa bado inawaka, na wagonjwa wa usiku wote walikuwa wamehakikiwa dirishani. Ukinikubalia, nitaileta ofisini kwako siku na saa utakayopanga, niizime swichi ya ukutani mbele yako.



Wako mtiifu,
Mtumishi wa TEHAMA, kituo cha afya