Yah: Ombi la Kutundika Kidole cha Tapeli Sebuleni

Waheshimiwa Wakubwa wa Mitandao ya Simu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wateja wenu wa Kyela, kuanzia Kasumulu hadi Matema, tunawasalimu kwa heshima zote na kuwapongeza kwa makato, ambayo hayajawahi kuchelewa.

Mmezoea kilio chetu. Mtu wa Itungi anaagiza nyavu mtandaoni, analipa kwa simu, anatumiwa picha ya kiroba chenye jina lake kwa maka peni pamoja na namba ya basi. Anashinda stendi. Basi linafika, kiroba hakimo, muuzaji hapatikani. Mnunuzi akiwapigia mnamjibu kwa upole: hela imeshatolewa, nenda polisi, taarifa za mpokeaji ni siri ya mteja.

Siri ya mteja! Kwani aliyeibiwa ni mbuzi?

Hadi Januari 2020 tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, utapeli ukome. Bibi zetu, vidole vimelika kwa jembe la mpunga, waliambiwa, “Weka tena bibi, haijasoma,” wakaweka tena na tena. Basi kidole cha tapeli mnacho.

Jina lake fungieni kabatini. Tupeni kidole tu, kikuzwe, kitiwe fremu ya kioo, tukitundike kati ya kalenda na picha ya harusi. Mgeni akiuliza, tutamwambia ndiye tunayemsomeshea watoto. Nakala ipelekwe gulio la Jumamosi pale Lyulilo, wafinyanzi wa Kikisi wakichore kwenye vyungu, mboga ikichemka tumkumbuke. Sikukuu tutakipangusa vumbi kabla ya picha ya babu. Babu hakuwahi kutugharimu hivyo.

Mengineyo: onyo la matapeli lije kabla hela haijatoka. Muziki wa kusubiri mfupishe. Makato ya muamala wa wizi rudisheni, au mkiri kwamba ni mgawo wenu.

Samahani, tumepandisha sauti. Namba za matapeli tunazituma 15040 kama tulivyoelekezwa. Ila tunaogopa fremu ikifika, kidole kitakuwa cha bibi: ile “haijasoma” ya wakala ilisoma vizuri sana, ikasajili laini ya pili.

Ombi lisilo la mzaha ni moja: shikilieni hela ya mnunuzi mpaka mzigo ufike. Makato yenu mtakata hapo hapo.

Wateja wenu watiifu,
Kyela.

Nakala: kila mwenye laini. Piga *106# leo, mpigie na bibi yako, muone vidole vyenu vimesajili laini ngapi.