Mwana Si Wako, Nepi Wafua Wewe

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kompyuta hawakuiona, lakini walikwishamwona mtunza faili la ujenzi. Anayeandika maktaba ya programu huzaa, hupongezwa, akaenda zake. Mlezi ni yule anayebaki na faili linaloiagiza kompyuta ikusanye nini, kwa mpangilio upi na kwa kompaila ipi. Tena mwana mwenyewe si wake: mzazi huko aliko hubadilisha jina la faili moja bila kumwambia mtu, na mlezi hupata habari pale ujenzi unapogoma. Kazi hii hudharauliwa kwa kuwa ni mistari michache isiyo na sifa. Mimi nasema hiyo michache ndiyo ya kukodolewa macho, kwa sababu balaa hujificha pale pasiposomwa.

Chukua Make, programu ya kusoma faili la ujenzi, aliyoiunda Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Alitaka kila mstari wa amri uanze kwa alama ya tabo, si kwa nafasi za kawaida, ilhali kwenye skrini viwili hivyo ni pacha. Alipotambua udhia wake, tayari alikuwa na watumiaji wapatao 12, akaona haya kuwasumbua. Kwa kuwastahi hao 12, vizazi vya waandaa programu vimekesha vikisaka kosa lisiloonekana. Adabu nayo ina gharama.

Utaniambia hayo ya kale, siku hizi kuna CMake, chombo kipya zaidi cha ujenzi. Sawa, ila mwaka 2024 nukta moja ilipachikwa kwenye faili la CMake la xz, maktaba ya kubana data. Kwa nukta hiyo, kijaribio kidogo kilishindwa kukompailiwa, nao ujenzi ukaamini kwamba kompyuta haina kinga iitwayo Landlock, ukaendelea bila kelele. Kubwa zaidi, matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 yalibeba mlango wa siri, na agizo la kuuamsha lilikuwa miongoni mwa maagizo ya ujenzi yaliyotiwa kwenye furushi la kusambazwa. Katika hazina ya msimbo wa wazi halikuwepo. Mwandaa programu Andres Freund aliugundua mlango huo baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kumechelewa kama nusu sekunde. Dunia iliponea katika muda usiotosha kupiga chafya.

Mwingine atasema: ya nini taabu? Chukua maktaba iliyokwisha kujengwa. Vyema, lakini aliyeijenga naye alisoma faili lilelile, au hakulisoma. Ukimwachia jirani beseni, nepi hazijafuliwa. Umeacha tu kuzisikia harufu. Basi mlezi akikwambia amebadilisha nukta moja tu, usimcheke. Muulize ni ipi.