Jinsi ya Kumtazama Goku Bila Kumpanua Mashavu

Anza na uso. Kabla hujaketi, kabla hujamimina chai, simamisha picha mahali Goku anapoangalia mbele, umkague vizuri. Ikiwa mashavu yamepanuka, mabega hayatoshi mlangoni na mwezi ulio nyuma yake umelala kama yai, shika rimoti mara moja. Usiseme utazoea. Utazoea kweli, na hilo ndilo baya lenyewe. Kuna nyumba za Eldoret, huko Langas, Kapsoya na Huruma, ambamo Dragon Ball Z imevutwa pande zote mbili miaka nenda miaka rudi, na watoto waliolelewa humo wanaamini kwa dhati kwamba kila Saiyan, yaani kila mtu wa kabila la Goku, ni mnene.

Mwongozo huu una sheria moja: skrini isiongeze kitu ambacho mkono wa mchoraji haukukiweka, wala isipunguze alichokiweka. Mengine yote yanatoka hapo.

Basi tujue mkono huo ulifanya nini. Dragon Ball Z ilionyeshwa Japani kuanzia 1989 hadi 1996. Sailor Moon ikaja 1992, Neon Genesis Evangelion 1995, Cowboy Bebop 1998. Zote zilichorwa kwenye karatasi, mistari ikahamishiwa kwenye plastiki angavu, rangi ikapakwa kwa brashi upande wa nyuma, plastiki ikalazwa juu ya mandhari iliyopakwa rangi kwa mkono, kisha ikapigwa picha kwa kamera ya filamu, moja baada ya nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, ila fedha za televisheni hazikutosha kuchora 24. Mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa picha mara 2 au 3, kwa hiyo sekunde ilibeba michoro 12 au 8 tu. Tangu Astro Boy ya Osamu Tezuka mwaka 1963, wachoraji wa Japani waliugeuza uhaba huo kuwa ustadi: mhusika anaganda, macho yanatikisika, upepo unapita kwenye nywele, halafu ngumi inatua. Kule kuganda ni uamuzi wa mtu aliyekesha ofisini. Na kazi yote hiyo ilikuwa safarini kuelekea kioo cha aina moja, chenye upana wa 4 kwa kimo cha 3, na kisogo kirefu nyuma.

Runinga ya kisogo huchora. Ndani ya chupa yake ya kioo isiyo na hewa, mkondo wa elektroni hupiga unga ulio nyuma ya skrini, mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Katika mfumo wa PAL tuliourithi Kenya, mistari ni 625, na hupigwa nusu kwa nusu, mara 50 kwa sekunde. Unga huwaka, hufifia, huwaka tena. Kati ya mstari na mstari hubaki kiza chembamba, rangi zinagusana kidogo kingoni, na vumbi lililokwama kwenye plastiki kule Tokyo linamezwa. Kamera inapopita polepole juu ya mji wakati wa machweo, kule kuwaka na kufifia hulisaidia jicho kuufuata mwendo. Runinga bapa hushikilia kila picha hadi ijayo ifike, na jicho linalofuata mwendo huona ukungu.

Sasa utafute runinga ya kisogo ya kwako. Usiende kwenye maduka ya vioo ya Barabara ya Uganda. Nenda kwa mafundi wa redio na runinga, au uliza kwa jamaa anayehamia nyumba mpya, kwani hapo ndipo Great Wall ya inchi 14 na Sony Trinitron ya inchi 21 hutolewa nje ya mlango. Fundi aiwashe mbele yako. Omba picha nyeupe tupu, kisha kagua pembe zote nne. Ukiona doa la kijani au zambarau, ni sumaku: izimwe, ipoe, iwashwe tena, maana nyingi hujisafisha sumaku zenyewe zinapowashwa zikiwa baridi. Doa likirudi, punguza bei au ondoka. Tazama nyuma kama kuna matundu ya AV, manjano na nyeupe kwa uchache. Kisha mwite mtoto asikilize. Runinga hizi hutoa mlio mwembamba sana wa mitetemo 15,625 kwa sekunde, yaani mistari 625 mara picha kamili 25, ambao masikio ya vijana huupata na ya wazee wengi huukosa. Mtoto akikunja uso na kuziba masikio, mashine iko hai.

Usiipakie kwenye bodaboda. Uzito mwingi uko mbele, kwenye kioo, na kona ya kwanza itakufundisha hivyo kwa gharama. Chukua mkokoteni, ilaze kioo kikiangalia godoro, na umlipe mwenye mkokoteni bila kulalamika. Wala usiifungue kisogo, hata kama umetazama video ya kueleza namna. Ndani mna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata waya ukishachomolewa.

Nyumbani kuna kizuizi ambacho hakimo kwenye vitabu vya ufundi: kitambaa cha kufuma. Sebule za kwetu huivisha runinga kitambaa cheupe kinachoziba matundu ya hewa na kushuka hadi kwenye paji la uso la kila mhusika. Usikiondoe mwenyewe. Mwendee mama, umsalimu, umweleze kwamba mashine inapumua kwa juu na ikikosa hewa itaungua, kisha umwombe kitambaa kihamie kwenye meza. Akikubali, hamisha sabufa pia. Spika ina sumaku kubwa, na ikikaa ubavuni mwa runinga, nusu ya anga ya sayari ya Namek itageuka rangi.

Kuhusu kupeleka picha kwenye kioo, wana Eldoret tuna bahati ambayo wengi hawajaiona. Kenya ilipozima mitambo ya analojia mapema 2015, ilidhaniwa runinga za kisogo zimekufa. Ikalazimu kila nyumba inunue king'amuzi, na ving'amuzi vingi vya bei nafuu vilikuja na waya wa AV wa kuchomeka kwenye runinga za zamani, na tundu la USB mbele. Tundu lile ndilo lililoziokoa. Katuni unazonakili kwenye flashi kwa mwenye duka la muvi karibu na chuo zinaingia hapo moja kwa moja, bila kompyuta. Baadhi ya faili king'amuzi hakitazielewa. Mwombe mwenye duka akupe nakala ndogo ya MP4. Kwa runinga ya inchi 14 hupotezi kitu. Kama unachotumia ni kompyuta, tafuta kijisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV.

Picha ikija bila rangi, au ikipanda juu bila kutulia, usiipige kofi. Japani na Marekani walitumia mfumo wa NTSC, sisi PAL. Kama unatumia mashine ya DVD, rimoti nyingi zina kitufe kilichoandikwa P/N. Kibonyeze, subiri, kibonyeze tena hadi rangi zirudi. Kama ni king'amuzi, ingia kwenye menyu yake, uchague 4:3. Manukuu yakikatwa chini, ni kawaida, kwa sababu runinga hizi huficha kingo za picha. Yapandishe juu kidogo na uyakuze kama mashine inaruhusu. Isiporuhusu, mteue mmoja awasomee wengine kwa Kiswahili. Wakenya waliokulia kwa DJ Afro hawahitaji kufunzwa kwamba msimuliaji mzuri huongeza utamu wa sinema, na hapa nakubali sheria yangu ivunjwe, kwa kuwa anayeongeza ni binadamu.

Mvua ya Agosti ikianza kunguruma upande wa Kaptagat, chomoa waya wa stima na wa antena. Cell, adui wa Goku, anaweza kusubiri.

Nisieleweke kwamba kisogo ndiyo mwisho wa elimu. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 studio nyingi za Japani ziliacha plastiki na brashi, zikaanza kupaka rangi kwa kompyuta, na umbo la picha likapanuka polepole. One Piece ilianza 1999 ikiwa 4:3, ikahamia picha pana njiani. Naruto ya 2002 ni mtoto wa katikati: imepakwa rangi kwa kompyuta, lakini kwa kimo cha skrini za wakati huo, na ndiyo maana kwenye inchi 55 inaonekana imechoka na kwenye kisogo inameremeta. Attack on Titan ya 2013 na Demon Slayer ya 2019 zilichorwa kwa skrini pana. Kuibana Demon Slayer ndani ya Great Wall, iwe utepe katikati na maandishi yasiyosomeka, ni kumdhulumu mchoraji vilevile.

Kwa hizo, washa runinga bapa, ila kwanza uitulize. Hutoka dukani ikiwa imewekewa rangi za kupigania macho ya wapita njia. Palipoandikwa Vivid au Dynamic, weka Movie au Cinema. Sharpness ishushe karibu na sifuri, maana huchora ukingo mweupe kuzunguka mistari ambayo mtu alikwisha kuichora. Kisha tafuta adui mkubwa: Motionflow kwenye Sony, TruMotion kwenye LG, Auto Motion Plus kwenye Samsung. Hii hubuni picha za katikati ambazo hakuna aliyezichora, ikajaza nafasi ambazo mchoraji aliziacha wazi kwa makusudi. Ngumi iliyopaswa kutua ghafla inateleza. Izime. Runinga nyingi za bei nafuu za inchi 32 hazina kitu hicho, na katika hili zimewashinda wakubwa zao.

Ukitazama katuni za zamani kwenye runinga bapa, acha mistari miwili myeusi ikae pembeni. Jirani atasema umelipia skrini nzima. Mwonyeshe kinachotokea ukibonyeza Zoom: nywele za Vegeta zinaondoka. Hata toleo la Marekani la Dragon Ball Z lililotoka kwa misimu kuanzia 2007 lilikata juu na chini ili kujaza skrini pana, na mashabiki wakalilalamikia kwa haki. Lakini ukipata nakala iliyosomwa upya kutoka kwenye filamu yenyewe, basi bapa iliyotulizwa itakupa kilichofichwa na kisogo: chembechembe za filamu, na kivuli chembamba cha plastiki juu ya mandhari. Mimi Cowboy Bebop huitazama hivyo, na Naruto naipeleka kwenye kisogo, na sioni sababu ya mtu kuchagua mojawapo tu kama ana nafasi ya mbili.

Kisogo kikifa kabisa, usikivunje wala kukitupa kando ya mto Sosiani, kwani kioo chake kina madini ya risasi yanayoingia kwenye udongo na maji. Mrudishie fundi: spika, shaba na vipande vyake vya saketi vitaponya runinga nyingine. Ila king'amuzi kibaki kwako, pamoja na rimoti yake. Vingi havina vitufe vya menyu mwilini, na bila rimoti hiyo huwezi kurudi kwenye 4:3.